Jasiri au Mjuba? Fimbo za Bukoba na Neno Tulilolipotosha

Mwezi Februari mwaka 2009, walimu 19 wa shule tatu za msingi wilayani Bukoba walichapwa viboko. Hawakuchapwa na wahuni njiani wala na wazazi wenye hasira. Walichapwa na askari polisi, kwa amri ya Mkuu wa Wilaya wa wakati huo, Albert Mnali, baada ya uchunguzi kuwataja kuwa ndio chanzo cha wanafunzi kufanya vibaya katika mitihani: wanachelewa kazini, wanakosa vipindi, hawafuati muhtasari wa masomo. Mmoja wao alieleza kwamba alichapwa mbele ya wanafunzi wake. Nchi ilipiga kelele, walimu walikuja juu kupitia chama chao, na haukupita muda Rais Jakaya Kikwete akamwondoa mkuu huyo wa wilaya katika wadhifa wake.

Sifukui tukio hilo ili kumsimanga mtu aliyekwisha kuadhibiwa. Ninalolifukua ni neno. Siku zile, vijiweni, ndani ya daladala, hata miongoni mwa baadhi ya walimu wenyewe, nilisikia hukumu moja ikirudiwa kwa namna mbalimbali: "Amekosea, lakini ni jasiri." Wengine walikwenda mbali zaidi, wakasema tungepata wakuu kumi wa namna ile nchi ingenyooka. Miaka imepita na hukumu hiyo haijafa. Kila anapotokea kiongozi wa kumfokea daktari mbele ya kamera, wa kumweka mtendaji wa kijiji mahabusu kwa sababu amechelewa kikao, wa kumpigisha magoti mkandarasi hadharani, utasikia watu wazima na akili zao wakisema: huyo ndiye jasiri.

Mimi nasema hapana. Katika fimbo zile za Bukoba hapakuwa na ujasiri hata chembe. Palikuwa na ujuba. Maneno haya mawili si ndugu, ingawa kwa mbali yanafanana sura. Taifa linaloshindwa kuyatofautisha litakuwa linawavisha nishani watu wanaolidhuru, na kuwafunga wale ambao lingepaswa kuwavisha nishani hizo.

Tuanze na neno lenyewe. Jasiri limetufikia kutoka Kiarabu, katika mzizi wenye maana ya kuthubutu na kuvuka. Jina la daraja katika lugha hiyo limetokana na mzizi huo huo. Jasiri, basi, ni mtu anayevuka pale ambapo wengine wamesimama. Lakini Kiswahili hakikulipokea neno hilo peke yake. Pembeni yake kimeweka msururu wa maneno ya tahadhari: ujuba, ubabe, jeuri, ufidhuli, usodai, takaburi. Vijana wa leo nao wameongeza la kwao, kujimwambafai, yaani kujifanya mwamba ilhali wewe ni udongo tu kama wenzako. Lugha haikusanyi maneno mengi hivyo bila sababu. Wazee wetu walijua kwamba mtu anayevuka anaweza kuwa amebeba mzigo wake mwenyewe, na anaweza kuwa amewapanda wenzake mgongoni. Wote wawili wanaonekana wanavuka. Ni mmoja tu aliye jasiri.

Kwa hiyo napendekeza kipimo, na ni chepesi kiasi kwamba mtoto wa darasa la nne anaweza kukitumia. Mtu anapothubutu jambo, uliza: likiharibika, ataumia nani? Kama atakayeumia kwanza ni yeye mwenyewe, huo ni ujasiri, hata kama hukubaliani na anachokifanya. Kama watakaoumia ni wengine naye atabaki salama, huo ni ujuba, hata kama anachokidai ni kizuri.

Iweke amri ya mwaka 2009 katika mizani hiyo. Upande mmoja yuko mwakilishi wa dola, mwenye askari na gari la Serikali. Upande wa pili yuko mwalimu wa shule ya msingi, ambaye mshahara, nyumba na uhamisho wake vinategemea ofisi zinazomtii mkuu huyo. Nani alihatarisha nini? Mwenye amri hakuhatarisha ngozi yake. Sheria haikumruhusu. Kanuni za adhabu ya viboko shuleni zinamhusu mwanafunzi, zinaweka mkononi mwa mwalimu mkuu au anayemteua, na zinataja ukomo wa viboko vinne. Hakuna mahali zinapotaja mgongo wa mwalimu. Alichokuwa nacho ni uhakika kwamba hakuna atakayekataa. Uhakika wa kutokataliwa ni kinyume cha ujasiri, kwa sababu jasiri huanza pale anapojua kwamba anaweza kukataliwa, kupigwa na kushindwa. Kwamba baadaye alipoteza cheo hakubadilishi jambo. Hakutoa amri ile akiwa amekubali kukipoteza; aliitoa akiamini kwamba hatapoteza kitu.

Najua jibu nitakalopewa. Nitaambiwa: "Na watoto je? Walimu watoro hawakuwaumiza watoto wa maskini wa Bukoba?" Waliwaumiza. Sina sababu ya kuutetea utoro. Mtoto wa mkulima anayefika darasa la saba bila kujua kusoma ameibiwa, na mwizi wake anastahili kuwajibishwa. Lakini kuwajibisha kuna njia: barua ya onyo, kamati ya nidhamu, kukatwa mshahara, kufukuzwa kazi. Njia hizo ni ndefu na zinachosha. Zinamdai kiongozi naye ajibu maswali: Je, ulimlipa mwalimu huyu malimbikizo yake? Ana nyumba? Anafundisha wanafunzi wangapi katika chumba kimoja? Mkaguzi alifika mara ya mwisho lini? Fimbo ni njia ya mkato ya kuyakwepa maswali hayo. Aliyeishika alionekana mkali kwa walimu, na papo hapo akawa amejisamehe yeye na Serikali yake. Tena waliofundishwa somo kubwa siku ile ni watoto. Walijifunza kwamba elimu haimkingi mtu, na kwamba mwenye askari ndiye mwenye hoja.

Inauma zaidi kwa sababu jambo hili lilitendeka Bukoba. Sisi watu wa Kagera tumebandikwa jina ambalo Watanzania wengine hulitamka wakicheka: nshomile. Kwa Kihaya maana yake ni nyepesi mno, "nimesoma". Lina historia ya haki. Wamisionari walifika Kashozi mwaka 1892, shule zikafuata, seminari ikajengwa Rubya, na kahawa ikawapa wazazi fedha za kulipia ada wakati ambapo sehemu nyingi za nchi hazikuwa na zao la biashara la namna hiyo. Kutoka Kamachumu, katika Wilaya ya Muleba ya leo, alitoka Laurean Rugambwa, ambaye mwaka 1960 alikuwa Mwafrika wa kwanza wa zama hizi kufanywa kardinali. Kutoka Bukoba alitoka Askofu Josiah Kibira, Mwafrika wa kwanza kuliongoza Shirikisho la Makanisa ya Kilutheri Duniani, mwaka 1977. Watu hawa walisoma kweli, na kusoma kwao kuliwafaa wengine.

Lakini tazama neno nshomile limefanywa nini. Limegeuzwa kuwa kizibo cha mdomo. Mtu wa Kagera akiuliza swali katika kikao, hajibiwi swali, anatajiwa kabila: "Hao ndio walivyo, nshomile, wanajifanya wanajua." Tetemeko la ardhi la tarehe 10 Septemba 2016 lilibomoa maelfu ya nyumba na kuua watu wetu, nchi nzima ikachanga. Waathirika walipouliza michango inakwenda wapi, na kwa nini aliyelala chini ya turubai hajaona bati wala saruji, waliuliza swali ambalo mlipakodi yeyote ana haki ya kuliuliza. Mimi nililisikia swali hilo likijibiwa kwa utani wa nshomile, na watu wakacheka, na mazungumzo yakahamia kwenye senene. Hivyo ndivyo ujasiri wa mnyonge unavyobatizwa kuwa majivuno. Mwenye cheo akithubutu tunamwita jasiri. Asiye na cheo akithubutu tunamwita mjuaji.

Na tuseme kweli, sisi wenyewe tumeisaidia dhihaka hiyo. Wapo wenzetu walioukumbatia unshomile kama pambo: Kiingereza kingi mahali ambapo Kiswahili kingetosha, vyeti vilivyotundikwa ukutani kama vichwa vya nyati, misiba inayogeuzwa maonyesho ya magari. Huko ni kujimwambafai tu. Mhaya wa zamani alikuwa na desturi ya kujisifu, ndiyo, lakini ilikuwa na masharti. Katika kwebuga, mtu alisimama mbele ya mtawala wake au mbele ya kadamnasi, akajitaja, akayataja matendo yake, na akajifunga kwa kiapo cha uaminifu. Waliomsikiliza walimfahamu. Walijua alikuwapo wapi siku ya vita na alikimbilia wapi. Majigambo yale yalikuwa deni, na aliyeyatamka alitarajiwa kulilipa kwa mwili wake. Sisi tumebaki na majigambo, deni tumelifuta.

Kama tunataka kuona ujasiri halisi katika ardhi hii, hatuna haja ya kwenda mbali. Twende Kamachumu, mwaka 1953. Serikali ya kikoloni ilikuwa imeleta kanuni za kupambana na fukusi wa migomba. Kwa kitaalamu huenda zilikuwa na mantiki, lakini zilitekelezwa kwa kuamuru: wakaguzi waliingia katika vibanja vya watu, wakaelekeza nini king'olewe na nini kikatwe, na aliyekaidi akaadhibiwa. Asiyejua kibanja ni nini hawezi kuelewa hasira iliyotokea. Kibanja ni chakula na ni urithi, tena ndimo walimozikwa babu na bibi. Kumwingilia mtu kibanjani mwake bila hodi ni kumwingilia chumbani. Ali Migeyo, mwanaharakati wa chama cha siasa cha Waafrika katika Buhaya, alisimama mbele ya umati Kamachumu kuzisemea dhiki hizo. Umati ule ulitawanywa kwa mabomu ya machozi. Migeyo aliishia gerezani.

Katika macho ya wakoloni huyo alikuwa mchochezi na mkaidi. Nadhani kama kungekuwa na mitandao ya kijamii siku hizo, baadhi ya wasomi wetu wangeandika kwamba anajimwambafai. Lakini mpime kwa kipimo chetu. Mambo yalipoharibika, aliumia nani? Aliumia yeye. Hakuwa na askari wa kumtuma wala cheo cha kujifichia. Alipaza sauti kuelekea juu, kwa waliokuwa na uwezo wa kumfunga, akijua kwamba wanao uwezo huo. Miaka 16 kabla yake, mwaka 1937, wakulima wa kahawa wa Bukoba walikuwa wamekwisha kufanya vivyo hivyo walipozipinga kanuni za kilimo walizoletewa bila kuulizwa. Hao ndio majasiri wa Kagera. Nchi hii ilipata uhuru kwa migongo ya watu wa namna hiyo, kila mkoa na wa kwake. Kisha miaka 56 baada ya Kamachumu, mwakilishi wa dola huru akaamuru viboko katika wilaya jirani, na sisi tukamkopesha jina lao.

Ziwa letu nalo limetupa mifano miwili, na ninaitaja kwa unyenyekevu kwa sababu karibu kila ukoo hapa kwetu una marehemu ziwani. Jioni ya tarehe 20 Mei 1996, MV Bukoba iling'oa nanga Bukoba, ikapitia Kemondo, ikaelekea Mwanza. Meli yenye nafasi ya abiria 430 ilibeba watu wengi kupita kiasi hicho, na hata orodha kamili ya majina yao haikuwapo. Asubuhi ya tarehe 21 ilipinduka ikiwa karibu kufika, wakafa mamia kwa mamia ya watu. Kabla ya siku hiyo uyumbaji wa meli ile ulikuwa ukisemwa. Wenye dhamana walijiamini. Imekwenda jana, imekwenda juzi, kwa nini isiende leo? Kujiamini huko kuna sura ya ujasiri kwa sababu hakuogopi maji. Lakini aliyestahili kuogopa kwa niaba ya abiria ni yule aliyepewa dhamana, na yeye ndiye aliyekataa kuogopa. Kutoogopa hatari itakayomuua mwenzako hakuhitaji moyo mkubwa. Kunahitaji kutojali tu.

Sasa linganisha na asubuhi ya tarehe 6 Novemba 2022. Ndege ya Precision Air yenye watu 43 ilianguka ziwani ikiwa inakaribia kutua uwanja wa Bukoba, katika hali mbaya ya hewa. Watu 19 walifariki, 24 wakaokoka. Waliowahi kufika hawakuwa na boti za kisasa, wala mitungi ya hewa, wala sare. Walikuwa wavuvi na mitumbwi yao. Mmoja wao, kijana Majaliwa Jackson, aliumia katika jitihada hizo hadi akalazwa hospitali. Hakuna aliyewaamuru watu wale. Wasingeenda, hakuna ambaye angewalaumu. Walipiga kasia kuelekea ndege inayozama, na kama mambo yangeharibika zaidi wangezama wao. Huo ndio ujasiri, na hauhitaji kamusi. Tena uliaibisha, kwa maana mvuvi hufanywa jasiri na umaskini wa huduma ya uokoaji. Serikali iliyojipanga humpunguzia raia wake haja ya kuwa shujaa. Tulimpongeza kijana yule, na tulifanya vema. Ila pongezi zisigeuke kuwa njia ya kusahau kuuliza boti ya uokoaji ilikuwa wapi.

Kuna upotoshaji mwingine wa neno hili ambao umetukaa mdomoni hata hatuusikii tena: ujasiriamali. Neno zuri, lenye ujasiri na mali ndani yake. Kila kijana anayemaliza chuo ninapofundisha huambiwa jambo lile lile siku ya mahafali: usisubiri ajira, kuwa jasiri, jiajiri. Anayemwambia hivyo mara nyingi ni mtu anayelipwa mshahara na Serikali, ana bima ya afya na anasubiri kiinua mgongo. Tena kipime. Biashara ya kijana ikifa, nani anaumia? Ni kijana, na mama yake aliyeuza ng'ombe. Kwa hiyo kijana ni jasiri kweli, halina ubishi. Mshauri wake je?

Na ujasiri huo nao una mipaka inayochorwa na wenye nguvu. Mkulima wa kahawa wa Muleba au Bukoba Vijijini anaambiwa kilimo ni biashara, naye awe mjasiriamali. Akibanwa na ada ya mtoto au matibabu, anaingia butura, anauza kahawa ingali maua kwa bei ya kutupa. Akisikia kwamba ng'ambo ya mpaka, Uganda, bei ni nzuri zaidi, na akafanya kile ambacho mfanyabiashara yeyote duniani angefanya, jina lake linabadilika usiku mmoja: si mjasiriamali tena, ni mfanya magendo. Msimu wa mwaka 2018 Serikali iliagiza kahawa ipite katika vyama vya ushirika. Wakulima walitii, kisha wengi wakalalamika kwamba malipo yanachelewa. Sibishani hapa juu ya sera ya ushirika, ambao una historia ndefu na ya heshima kwetu. Ninachokikataa ni lugha ya pande mbili. Huwezi kumhubiria mtu ujasiri Jumapili na Jumatatu ukamkamata kwa kuutumia.

Nirudi kwa viongozi, maana ndiko ninakotaka hoja hii ifike. Sheria ya Tawala za Mikoa ya mwaka 1997 inawapa wakuu wa mikoa na wakuu wa wilaya uwezo wa kuamuru mtu awekwe mahabusu hadi saa 48. Msomaji asidhani ni uwezo wa bure. Sheria hiyo inadai kuwepo kwa hatari ya kuvunjwa amani au usalama, inadai sababu ziandikwe, inadai mtu apelekwe mbele ya hakimu. Lakini ni mara ngapi tumesikia saa 48 zikitolewa kama kofi, kwa sababu mtu amejibu kwa sauti ambayo mkubwa hakuipenda? Katika mikoa mingi wamewekwa ndani madiwani, waandishi wa habari, wauguzi na walimu. Kila mara hukosi mshangiliaji wa kusema "huyu hana mchezo". Ni kweli, hana mchezo. Mchezo una kanuni.

Watetezi wa ubabe husema Waswahili hatuendi bila kusukumwa. Hoja hiyo ina umri mkubwa kuliko uhuru wetu. Ndiyo iliyotumiwa kuhalalisha kiboko cha mkoloni, na ndiyo iliyowapeleka wakaguzi vibanjani bila hodi. Ingekuwa kweli, mikoa yenye wakuu wakali zaidi ndiyo ingekuwa na shule bora zaidi. Mwalimu aliyechapwa anajifunza kuiogopa fimbo. Hajifunzi kulipenda darasa. Akisikia gari la mkubwa linakuja atakuwa darasani ameshika chaki. Likishaondoka, atarudi alikokuwa, na sasa ana kinyongo. Kinachozalishwa na ujuba ni watumishi wanaosoma uso wa mkubwa badala ya kusoma mahitaji ya watu. Takwimu zinapikwa, mahudhurio yanaandikwa kwa kalamu moja kwa wiki nzima, na mkubwa anapewa ripoti nzuri anayoitaka.

Mnataka kiongozi jasiri? Nitawaambia atakavyokuwa. Ni yule mkuu wa wilaya atakayeandika kwenda juu, kwa jina lake, kwamba walimu wangu hawajalipwa na sitawaadhibu kwa deni la Serikali. Ni afisa elimu atakayepeleka takwimu mbaya kama zilivyo. Ni diwani atakayepinga mradi wa chama chake mwenyewe akiwa anajua kwamba jina lake litakatwa katika kura za maoni. Hao wapo. Wanahamishwa, wanastaafishwa, wanasahaulika. Hawana kamera nyuma yao kwa sababu wanatazama juu, na kamera zetu zimezoea kumfuata anayetazama chini.

Sisi wa vyuoni tusijitoe katika hesabu hii. Tunayo methali tunayoipenda mno, kwamba kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake. Tumeukimbiza ubawa kwa miaka mingi hadi umesahau kuruka. Tunafundisha falsafa ya haki asubuhi, mchana tunakaa katika vikao ambamo mambo ya ovyo yanapitishwa, tunanyamaza, na ukimya wetu tunauita busara. Kisha jioni tunamkosoa kijana wa bodaboda aliyemjibu askari barabarani kwamba hana adabu. Msomi anayekuwa mkali kwa mwanafunzi aliyechelewa kuleta kazi, na mpole kwa mkubwa aliyeiba, naye ameshika fimbo ile ile ya mwaka 2009. Yake tu haina mlio.

Wazee husema jasiri haachi asili. Wengi huisoma methali hiyo kana kwamba inamhusu mtu mmoja na tabia yake. Mimi naisoma kama dai juu yetu sote. Asili ya neno hili katika nchi yetu, na hasa katika vilima vya Bukoba na Muleba, ni mtu wa chini anayethubutu kwa gharama yake mwenyewe. Ni mkulima wa mwaka 1937, ni Migeyo gerezani, ni mvuvi juu ya mtumbwi. Tulirudishe huko. Safari ijayo utakapomsikia mtu mwenye cheo akisifiwa kwamba ni jasiri, usishangilie wala usitukane. Uliza tu, kwa sauti ya kawaida: likiharibika, ataumia nani? Na wakikuita nshomile kwa sababu umeuliza, usione haya. Waambie ndiyo, nimesoma, na swali langu bado halijajibiwa.